Jinsi ya kujua kama bromelia yako ni Vriesea

Watu wengi huomba jina la bromelia, yaani mmea wa familia ya mnanasi, wakiwa na picha ya majani tu. Majani yana mengi ya kusema, lakini kwa Vriesea hayatoshi. Jenasi hii (kundi la spishi za karibu) hutambuliwa ndani ya ua, na kazi inayofuata hapa chini haiwezekani mpaka mmea wako uchanue. Ukishachanua, una siku chache tu, kwa hiyo soma hatua zote kabla ya kushika wembe.

Historia kidogo, kwa sababu bila yake hutaelewa kwa nini tunapasua maua. John Lindley, mtaalamu wa mimea Mwingereza, aliianzisha Vriesea mwaka 1843 na kuipa jina la Mholanzi Willem de Vriese. Spishi aliyoanzia, Vriesea psittacina, ilikuwa imeshaelezwa ndani ya Tillandsia, jenasi ya Linnaeus ya mwaka 1753. Tangu siku hiyo, mpaka uliopo kati ya Vriesea na Tillandsia umesogezwa huku na huku, na bado unasogea. Leo Vriesea ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za Brazili, hasa misitu ya upande wa Atlantiki.

Hatua ya 1: Andaa vifaa, chagua ua

Unahitaji lenzi ya mkono inayokuza mara 10, wembe mpya, kibano chembamba, rula ya milimita, karatasi nyeusi na penseli. Karatasi iwe nyeusi kweli, kwa sababu utakachokitafuta ni cheupe na ni chembamba.

Chagua ua lililofunguka siku hiyohiyo. Ua la jana limelegea na petali zake, yaani majani ya ua yenye rangi, zimeanza kuoza kwa ndani. Kama una sampuli kavu tu, chemsha maji, tia tone la sabuni ya vyombo, loweka ua mpaka lilainike, kisha endelea taratibu.

Hatua ya 2: Hakikisha uko kwenye tawi sahihi la familia

Familia ya mnanasi, Bromeliaceae, leo hugawanywa katika familia ndogo nane. Vriesea imo ndani ya Tillandsioideae. Pitisha kidole kwenye ukingo wa jani, kutoka shinani hadi nchani. Ukikutana na miiba, hata midogo, simama hapo: mmea wako si Vriesea. Tillandsioideae wote wana ukingo laini. Wenye miiba, kama Aechmea nyingi na mnanasi wenyewe, wako matawi mengine.

Ukingo laini peke yake hauthibitishi kitu, kwa sababu zipo Pitcairnia nyingi, bromelia za tawi jingine, zisizo na miiba. Kwa hiyo angalia ovari, sehemu ya ua inayogeuka tunda, na tunda lenyewe pia. Kwa Vriesea ovari hukaa juu ya mahali petali na sepali (vijani vya nje vinavyofunika petali) zinapoanzia, na tunda ni kibumba kikavu kinachopasuka vipande vitatu na kutoa mbegu zenye manyoya ya kupeperukia. Ukiona tunda lenye nyama, au ovari iliyozama chini ya sepali, umeingia Bromelioideae, tawi la mnanasi.

Hatua ya 3: Tazama maua yalivyopangwa

Simama mbele ya shada. Maua ya Vriesea kwa kawaida hukaa safu mbili, moja kila upande wa bua, na ndiyo maana mashada mengi huonekana bapa. Kama maua yamezunguka bua pande zote, na petali zake zimeungana kuwa mrija, fikiria Guzmania kwanza. Catopsis utaitambua upesi: maua yake ni madogo, meupe au ya njano, na hayana mng'aro wa brakti nyekundu, yaani majani ya shada yanayobeba maua.

Tillandsia nyingi nazo zina safu mbili, kwa hiyo hatua hii inaondoa majirani wa mbali tu. Jirani wa karibu bado yupo.

Hatua ya 4: Fungua ua, tafuta vilimi

Hapa usiharakishe.

Ng'oa sepali tatu kwa kibano, moja moja, ukivuta kuelekea chini ili usiondoke na petali. Sasa shika petali moja kwenye kitako chake na uikate kwa wembe pale inapoungana na ua, usiivute. Ukiivuta, kile unachokitafuta kitabaki nyuma. Ilaze kwenye karatasi nyeusi, upande wa ndani ukiangalia juu, na ulete lenzi karibu na jicho lako, kisha sogeza petali kuelekea lenzi.

Karibu na kitako utaona, kama mmea ni Vriesea, vilimi viwili vyembamba vilivyosimama sambamba, kimoja kila upande wa mstari wa kati. Ni vyeupe au vinapitisha mwanga. Ncha zake hutofautiana: nyingine zimechongoka, nyingine butu, nyingine zimechanika pembeni. Sukuma ncha ya kimoja kwa kibano: sehemu ya juu itanyanyuka, ya chini imeshikamana na petali. Mara nyingi chini yake pameloa nekta. Pima urefu na uandike hapohapo, kwa sababu baada ya dakika chache hujikunja kwa kukauka.

Fanya hivyo kwa petali zote tatu. Kimoja kikikosekana kwenye petali moja, pengine kimekatika. Vikikosekana kote, na umekata vizuri, basi mmea unaelekea Tillandsia.

Kwa muda mrefu hukumu iliishia hapa. Wataalamu wa mimea Lyman B. Smith na Robert Jack Downs, katika kazi yao kubwa juu ya familia hii iliyotoka kwa sehemu tatu, 1974, 1977 na 1979, walitumia vilimi kutenganisha jenasi: vikiwepo ni Vriesea, visipokuwepo ni Tillandsia. Ni njia nyepesi kufundisha, na mimi bado naanzia hapo. Lakini vilimi huchipuka wakati petali imekaribia kukamilika, na inaonekana vimetokea au kupotea zaidi ya mara moja katika ukoo huu. Mimea miwili yenye vilimi si lazima iwe ndugu wa karibu. Mfano mzuri ni Tillandsia espinosae ya Ekuador na Peru, yenye majani ya kijivu. Kwa muda iliwekwa Vriesea, kisha ikarudishwa Tillandsia, kwa sababu mambo yake mengine yote yalikuwa ya huko.

Kwa hiyo andika "vilimi vipo", usiandike bado "ni Vriesea".

Hatua ya 5: Soma stigma

Katikati ya ua limebaki shina jembamba la kike, na kichwani mwake stigma, ncha inayopokea chavua. Ndicho kiungo ninachokiamini zaidi baada ya vilimi, na wengi hawakiangalii kabisa. Mwaka 1989 Gregory Brown na Amy Jean Gilmartin walichapisha uchambuzi wa maumbo ya stigma katika familia nzima, na tangu hapo hakuna anayefanya kazi hii kwa makini akaacha kukitazama.

Tumia stigma mbichi. Ikikauka, hukunjamana na kukudanganya. Iangalie kutoka juu na kutoka ubavuni. Vriesea nyingi zina pande tatu pana, nyembamba, zilizojikunja na kujipindapinda kingoni. Tillandsia nyingi zina pande tatu zilizokunjwa kwa urefu, kisha zikasokotana kama kamba. Werauhia, jenasi ya Amerika ya Kati iliyotengwa kutoka Vriesea na Jason Grant mwaka 1995, ina stigma yenye umbo la kikombe.

Chora unachokiona. Mchoro mbaya wa penseli unasaidia kuliko picha nzuri ya simu, kwa sababu mkono hukulazimisha kuamua kila ukingo unaelekea wapi.

Hatua ya 6: Ua hufunguka saa ngapi?

Ndani ya Vriesea kuna makundi mawili ambayo kimapokeo huitwa seksheni Vriesea na seksheni Xiphion. La kwanza huchanua mchana. Brakti zake huwa nyekundu au njano kali, petali ni za njano zilizosimama kama mrija, na stameni, viungo vya kiume vyenye chavua, hutokeza nje ya petali. Wageni wake ni ndege-mvumaji. Vriesea carinata, ndogo na yenye brakti nyekundu zinazoishia na ncha za njano au kijani, ni mfano unaoupata kwa urahisi.

Kundi la Xiphion hufunguka jioni na usiku. Maua yake ni mapana, ya rangi ya maziwa au njano iliyofifia, stameni zimebaki ndani, na mara nyingi yote huelekea upande mmoja wa bua. Wageni ni popo. Humu wamo Vriesea gigantea na Vriesea hieroglyphica, ile ya mistari myeusi iliyokatiza majani. Ukipita mchana tu utaona maua yaliyonyauka na kudhani mmea umeugua. Rudi baada ya giza kuingia, ukiwa na tochi.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba makundi haya mawili hayafuati ukoo halisi. Ndege na popo wamevuta maua kuelekea maumbo fulani zaidi ya mara moja. Yatumie kuelezea mmea, na kufupisha orodha ya spishi za kulinganisha.

Hatua ya 7: Ondoa zilizohama

Mwaka 2016 Michael Barfuss na wenzake walichapisha mpangilio mpya wa Tillandsioideae uliounganisha vinasaba na maumbo ya maua. Mmea ambao wengi bado wanauita Vriesea splendens, wenye majani ya mikanda na shada jekundu mithili ya upanga, sasa ni Lutheria splendens. Asili yake ni kaskazini mwa Amerika ya Kusini na Trinidad, mbali na kitovu cha Vriesea. Kama lebo yako inasema splendens, usiitupe: ongeza jina jipya juu na uache la zamani chini.

Angalia pia Alcantarea. Hii ni mimea mikubwa inayokaa juu ya miamba ya Brazili. Petali zake ni ndefu, nyembamba, na hulegea na kuning'inia mapema. Mbegu zina manyoya ncha zote mbili, na hiyo ni alama unayoweza kuiona hata mwaka mmoja baada ya maua kwisha. Alcantarea imperialis iliwahi kuitwa Vriesea imperialis.

Hatua ya 8: Hifadhi ushahidi, kisha taja jina

Weka ua moja zima kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70, na lebo ya penseli ndani yake. Wino wa kalamu huyeyuka. Kausha sehemu ya shada na jani moja lililokatwa vipande vitatu: kitako, katikati, ncha. Andika urefu wa mmea, rangi za brakti na petali zikiwa hai, saa ya kufunguka, na mahali mmea ulipotoka. Rangi hupotea kwenye sampuli zote mbili, na huwezi kuzirudisha.

Jina lenyewe lihakiki kwenye hifadhidata ya Plants of the World Online ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, inayoonyesha jina linalokubaliwa na yale ya zamani. Kama mmea ulinunuliwa kwenye kitalu na hauna rekodi ya asili, ishia kwenye jenasi. Mimea mingi ya aina hiyo ni chotara iliyozalishwa kwa kuchanganya spishi kadhaa, na vilimi, stigma na rangi zake ni mchanganyiko wa wazazi ambao hawajaandikwa popote. Lebo inayosema "Vriesea, chotara" pamoja na tarehe ni kamili. Jina la spishi litaandikwa pale tu vilimi, stigma, saa ya kuchanua na mahali pa asili vinapokubaliana.