Namna ya Kumsaidia Kijana Ambaye Ulaji Wake Umeficha Kiwewe cha Utotoni

Kijana anayeficha mkate chini ya godoro, au anayeingia chooni kila baada ya mlo na kufungulia bomba ili asisikike akitapika, mara nyingi huitwa mlafi au mwenye maringo, na hapo msaada huharibika kabla haujaanza. Mwaka 1985 daktari Vincent Felitti, aliyekuwa na kliniki ya kupunguza uzito huko San Diego, Marekani, alishangaa kuona wagonjwa wakiacha matibabu ilhali wanaendelea vizuri kupungua. Alipowahoji, wengi walimsimulia kwamba walidhulumiwa kingono utotoni, na kwa baadhi yao unene ulikuwa ngao.

Anza, basi, na usalama wala si sahani. Mwenye msongo wa baada ya kiwewe, yaani maumivu ya akili yanayobaki baada ya tukio la kutisha, hulala kwa mang'amung'amu, hushtuka mlango ukibamizwa, na harufu moja tu yaweza kumrudisha kwenye tukio. Kujinyima chakula hutia ganzi hisia hizo, kula kupita kiasi huzituliza kwa muda, na kutapika huleta nafuu ambayo haichelewi kugeuka aibu. Hakikisha aliyemdhuru hamfikii tena, na kama ni ndugu, tafadhali usiitishe kikao cha kuwapatanisha.

Zungumza naye mkichambua mchele, kazi isiyowalazimu kutazamana. Mwambie, "Mwanangu, naona chakula kinakusumbua, na sijakasirika." Usimchimbe kuhusu yaliyompata; akiyasema mwenyewe, sikiliza bila kumkatiza. Mlo uwe kwa saa zile zile kila siku, kwa sababu kushinda na njaa ndiko huzaa kula kwa pupa. Usitaje umbo lake, na uwaombe shangazi na majirani wasimpokee kwa "umenenepa" au "umekonda", hata kama kwao ni salamu ya upendo.

Akizimia, moyo ukimwenda mbio ovyo au akitapika damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa kutapika mara kwa mara hushusha potasiamu na kuvuruga mapigo ya moyo. Aliyedhoofu sana asishindiliwe chakula nyumbani. Kurudishwa kwenye mlo kwa ghafla kunaweza kumuua, hivyo daktari asimamie. Akitaja kujiua, asiachwe peke yake.

Kwa mtaalamu wa afya ya akili, eleza ulaji na jinamizi kwa pamoja, maana kimoja kikitibiwa peke yake, kingine hukirudisha. Kama mtoto bado anadhulumiwa, Tanzania na Kenya zina namba ya bure ya kuwasaidia watoto, 116.