Somo: Kwenda skii porini na washkaji theluji ikiwa nyingi, hatua kwa hatua

Wakuu, hili somo ni la yule ambaye skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji) za kawaida, za kwenye viwanja vyenye lifti ya kukupandisha mlimani, anaziweza, anashuka bila kuangukaanguka, sasa anataka kutoka na wenzake kwenda kule ambako hakuna lifti, hakuna doria, na hakuna mtu aliyelipua mlima alfajiri kuiangusha theluji mbovu ili wewe upite salama. Unapanda kwa miguu yako mwenyewe, unashuka kwenye theluji ambayo haijaguswa. Kama kugeuka tu bado kunakusumbua basi soma kwa kujifurahisha, ukienda sasa hivi utawatesa wenzako na magoti yako.

Vifaa nitavitaja, ila kinachomaliza makundi ya marafiki mara nyingi sio vifaa, ni kunyamaza. Mmoja ameona dalili mbaya anaogopa kuitwa mwoga, ananyamaza, mwingine naye anaona mbona wote wametulia basi patakuwa shwari, mnaingia wote. Na mjue kwamba watu wanaokufa kwenye maporomoko ya theluji, karibu 9 kati ya 10, poromoko lililowaua walilichokoza wao wenyewe au mtu wa kundi lao. Mlima umelala zake, nyie ndio mnauamsha.

HATUA YA 1: Watu
Watatu au wanne ndio saizi nzuri. Mkiwa wawili halafu mmoja akazikwa, aliyebaki atafute, achimbe, apige simu, yote peke yake. Mkizidi watano hamsikilizani tena, kila mtu anamfuata aliye mbele. Kabla hamjatoka nyumbani mkubaliane kitu kimoja: mmoja akisema "hapa mimi hapana", basi ni hapana, hakuna kura, hakuna kubembelezana, hakuna utani wa jioni kwamba fulani alitetemeka. Kama kuna mshkaji hawezi kukubali hilo sharti, mwacheni, hata kama anateleza kuliko nyie wote.

HATUA YA 2: Vifaa
Vitatu havina mjadala na kila mtu anabeba vyake: transiva, probu na beleshi. Transiva ni kile kiredio kidogo kinachotuma mawimbi ili ukizikwa wenzako wakupate, zote duniani zinatumia 457 kHz kwahiyo ya kampuni hii inaisikia ya kampuni ile. Inavaliwa mwilini, chini ya jaketi, isikae kwenye begi maana begi linaweza kung'oka. Simu inaivuruga, iweke mbali nayo angalau sentimita 20 unapotembea, na ukiwa unatafuta mtu iwe sentimita 50. Probu ni fimbo ya kukunja ya kuchomea theluji, chukua ya sentimita 240 kwenda juu. Beleshi liwe la chuma au alumini, ya plastiki hayafai kabisa, theluji ya poromoko ikishatulia inakuwa ngumu kama saruji.

Mengine haraka haraka: skii pana kidogo, kama milimita 100 katikati, ndio zinaelea vizuri kwenye theluji laini. Vifungio vya kushikiza buti kwenye skii, viwe vinavyoachia kisigino wakati wa kupanda. Buti zenye swichi ya kutembea. Skini, yaani ule mkanda wa manyoya unaobandikwa chini ya skii kwa gundi, manyoya yamelalia upande mmoja, ukisukuma mbele inateleza, ikitaka kurudi nyuma inang'ang'ania. Nguo za pamba acha nyumbani, zikilowa jasho hazikauki.

HATUA YA 3: Jioni ya kabla ya safari
Hapa ndio kazi ya akili ilipo, na hapa ndio watu wavivu.

Fungua utabiri wa maporomoko wa eneo mnalokwenda. Hatari inapewa namba 1 hadi 5. Namba 4 na 5 watu wanaogopa wenyewe, inayowadanganya ni 3, kwasababu iko katikati wanadhani ni hali ya kawaida, kumbe hatari haipandi kidogo kidogo, kila ngazi inaruka. Vifo vingi hutokea siku za namba 3. Usisome namba tu, soma maelezo, yanakwambia tatizo liko upande gani wa mlima na kwenye urefu gani.

Theluji ya msimu haiwi kitu kimoja, inajipanga matabaka. Tabaka la juu likishikamana linakuwa slabu, yaani bamba moja zima la theluji, na kama chini yake kuna punje zilizolegea ambazo hazijashikana, uzito wako mmoja unatosha kulivunja lile legevu na slabu zima linaondoka na wewe uko juu yake. Fundi mkuu wa hiyo kazi ni upepo, unakwangua theluji upande mmoja wa kilele na kuirundika upande wa pili, tena kwa kasi kubwa kuliko inavyodondoka toka mawinguni. Kwahiyo mtu akikwambia "jana hakukunyesha theluji" muulize upepo ulivumaje.

Halafu mteremko. Slabu nyingi huondoka kwenye digrii 30 mpaka 45, hasa maeneo ya 38, na bahati mbaya hiyo ndio miteremko mitamu. Siku theluji ikiwa nyingi kaeni chini ya 30, ramani nyingi za simu zinapaka rangi miteremko mikali kwahiyo hakuna kisingizio. Na usiangalie tu pale mnapokanyaga, angalia na kilichoning'inia juu yenu, slabu linaweza kuvunjwa na mtu aliye chini kwenye tambarare likawashukia. Angalia pia linaenda kuishia wapi: hata poromoko dogo likikusukumia korongoni au kwenye genge linaua.

Pangeni njia mbili, ya kwanza na ya akiba. Mkiwa na njia moja tu mtailazimisha.

HATUA YA 4: Pale mnapoacha gari
Transiva ziwashwe, mmoja asimame mbele na yake kwenye kutafuta, wengine wapite mmoja mmoja aone kama kila mmoja anasikika. Kisha aweke yake kwenye kutuma na mwingine amkague yeye. Dakika mbili tu.

HATUA YA 5: Kupanda
Anza ukiwa unasikia baridi kidogo, baada ya dakika kumi utashukuru. Mwendo uwe wa kuweza kuongea, mkishindwa kuongea mnakimbia. Usinyanyue skii, iburute, nguvu nyingi zinapotea kwenye kunyanyua. Kundi la kawaida linapanda kama mita 300 hadi 400 za kimo kwa saa, theluji ikiwa ya magotini na mnachonga njia wenyewe inashuka sana, hivyo mpokezane mbele, anayechonga akichoka anakaa pembeni anaingia nyuma. Mkifika mahali mnatilia shaka, acheni nafasi kati ya mtu na mtu.

Mnapopanda masikio yawe wazi. Ukisikia mlio mzito wa "wumf" chini ya miguu, kama gunia zito limedondoshwa, hilo ni tabaka legevu limevunjika. Nyufa zinazokimbia mbele ya skii zako, maporomoko mapya kwenye miteremko jirani, joto limepanda ghafla, theluji imevuka sentimita 30 ndani ya saa 24, zote hizo ni mlima unaongea. Aliyeona aseme kwa sauti, hata kama anadhani wote wameona. Mimi hapo huwa nasimamisha kundi na kuuliza mmoja mmoja kwa jina, na nawaanza wale wageni, kwasababu mzoefu akishaongea wageni hawasemi tena.

HATUA YA 6: Kushuka
Mmoja mmoja. Wengine wanasimama mahali salama wakimwangalia mpaka afike mahali salama pengine, sio katikati ya mteremko. Kamba za fimbo za skii toa mikononi, zikikubana ndani ya poromoko zinakuvuta chini.

Kwenye theluji ya kina usiegemee nyuma, huo ni uzushi wa zamani, mapaja yatawaka moto na skii hazitageuka. Simama katikati, miguu karibu karibu, uzito sawa pande zote mbili, acha mwendo upande kwanza ndio ugeuke. Mwendo mdogo unazama. Mwendo ukiwepo skii zinapanda zenyewe juu, unazisikia zinakurudisha, unageuka zikiwa nyepesi. Utamu wake siwezi kuuandika.

HATUA YA 7: Mwenzenu akizikwa
Msiokuwa na mazoezi ya hili msitoke. Fanyeni uwanjani mara kwa mara, fukieni begi lenye transiva mlitafute.

Akibebwa, kodoeni macho mahali alipoonekana mara ya mwisho. Hakikisheni hakuna poromoko jingine linakuja. Mmoja aongoze, wote waweke transiva kwenye kutafuta, akisahau mmoja ikabaki inatuma mtamtafuta yeye. Mkiwa wengi mmoja apige simu ya uokoaji, mkiwa wachache kutafuta kunaanza, msikae kusubiri helikopta, nyie ndio uokoaji. Aliyefukuliwa ndani ya dakika 10 za mwanzo ana nafasi kubwa ya kuishi, baada ya hapo inaporomoka vibaya kwa kukosa hewa.

Fuata mshale kwenye kioo cha transiva, namba za umbali zikishuka chini ya mita 3 inama, transiva iguse theluji, nenda polepole bila kuizungusha, tafuta namba ndogo kabisa. Hapo choma probu, ikiwa pembe mraba na uso wa mteremko, zunguka kwa duara kila sentimita 25. Ukigusa kitu kinachodunda kidogo, iache hapo hapo usiichomoe. Kuchimba msianzie juu yake, shukeni upande wa bondeni wa probu kama mara moja na nusu ya kina alichozikwa, mchimbe kuingia, mwingine nyuma anasukuma theluji, mnapokezana kila dakika. Kichwa kwanza, mdomo, kifua, mengine baadaye. Msimkurupushe, mwili uliopoa unataka kushikwa taratibu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu nina begi la puto, lile unavuta mpini linajaa upepo. Si nitakuwa sawa hata bila transiva?
Jibu: Hapana kaka. Puto linasaidia ubaki juu juu, lakini halikulindi na miti wala mawe, na pengine huwahi kuvuta. Hata hivyo transiva sio kwa ajili yako tu, bila hiyo wenzako ukiwahitaji wakutafute hawana pa kuanzia, na wewe huwezi kuwatafuta wao.

Swali: Tukikaa kwenye miti si tuko salama?
Jibu: Kama miti imeachana kiasi cha wewe kupita na skii, theluji nayo inapita. Faida ya msitu ni upepo kidogo na unaona vizuri siku ya ukungu. Bado angalia digrii.
Tena msituni kuna hatari yake, mashimo ya miti. Matawi yanazuia theluji isishikane kuzunguka shina, ukipita karibu unatumbukia kichwa chini na kujitoa mwenyewe ni kazi ngumu mno, watu wanakosa hewa humo bila poromoko lolote. Hivyo msituni mteleze wawili wawili, mnaonana muda wote, filimbi iwe karibu na mdomo. Ukitumbukia shika tawi au shina, usipapatike, tengeneza nafasi ya hewa mbele ya uso.

Swali: Tukikuta michirizi ya watu waliopita kabla yetu, hiyo si ni dhamana?
Jibu: Sio dhamana dada. Slabu linaweza kubeba wa kwanza mpaka wa tano likaondoka na wa sita, aliyepita pale ambapo ni jembamba. Ian McCammon, mtafiti wa Marekani, aliandika sana kuhusu mitego hii ya akili, ya kuamini michirizi, mazoea, na mtu anayeonekana mjuzi.

Swali: Hiyo ya mjuzi ndio kwetu. Tuna bro mmoja mzoefu, yeye anaamua kila kitu, nikiuliza ananiambia nitulie. Nifanyeje bila kuharibu urafiki?
Jibu: Usimpinge kileleni mbele ya watu, utamkaza. Jioni ya kabla mwombe akuonyeshe njia kwenye ramani na akueleze ni kitu gani kikitokea mtageuza. Mjuzi wa kweli atafurahia swali. Akikataa kujibu hata ukiwa sebuleni, tafuta wengine wa kwenda nao, urafiki muendelee nao chini huku huku.

Mdau mwingine: Nyongeza kidogo mkuu, hukusema betri. Wengi wanaweka za kuchaji.
Jibu: Ahsante, hilo ni la msingi. Transiva nyingi zinataka alkalaini mpya, za kuchaji zinaonyesha zimejaa halafu zinakata ghafla. Fuata kitabu cha kifaa chako, na msimu ukiisha zitoe zisivuje.

Swali: Skii ikichomoka ikazama, inatafutwaje?
Jibu: Wengi wanatafuta chini walipoishia. Panda juu, mara nyingi iko pale ulipoanguka au juu yake kidogo. Chana theluji kwa mkia wa skii iliyobaki, kukata mteremko kwa upana, mstari baada ya mstari.

Swali: Skini zangu mzunguko wa pili hazishiki, gundi imeganda.
Jibu: Umeziweka kwenye begi. Mkishuka zikunje gundi kwa gundi, ziweke ndani ya jaketi kifuani, na kabla ya kubandika futa chini ya skii pakauke kabisa. Zikigoma kabisa zungushia utepe wa gundi mbele na nyuma, utafika.