Kabla hujapanda mboga kipindi cha joto kali, soma hii

Mbegu, angalia tarehe kwenye pakiti. Maji, hakikisha chanzo hakikauki katikati ya msimu. Samadi iwe imeiva. Hayo mnayajua. Ninachotaka niongelee ni joto, maana watu wanapanga msimu kwa mvua na soko tu, joto hakuna anayeliuliza wakati siku hizi ndo linaamua.

Jua kwanza mboga yako inapenda nini. Kabichi, koliflawa, letusi na spinachi zinataka ubaridi, nyuzi 15 hadi 20 hivi. Kwenye joto kali kabichi inafunga legelege, letusi inatoa shina la maua majani yanakuwa machungu, na udongo ukipita nyuzi 30 mbegu yake inagoma kuota halafu unamlaumu aliyekuuzia. Bamia, bilinganya, mchicha na kunde zinavumilia, kwa hiyo kama kwako kunazidi kuwaka kila mwaka anza kuhamia huko taratibu.

Sasa nyanya, hapa nisikilize vizuri. Jirani yangu wa shamba alipanda nyanya miche imenona, kila anayepita anasifia. Yakaja maua, yakaanza kudondoka. Akaambiwa ni wadudu, akapiga dawa, yakadondoka. Akaambiwa ni lishe, akaweka busta, ile mbolea ya kunyunyizia majani, akaongeza na urea, urea ikazidi kusukuma majani na maua yakaendelea kudondoka, pesa inaondoka tu, kumbe tatizo lilikuwa joto na hasa la usiku. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 22 au 24 mfululizo na mchana ukapita 32, chavua ya nyanya, ule unga wa ua unaotungisha tunda, inadhoofika, ua halishiki tunda, kikonyo kinageuka njano linaanguka. Tena chavua inaharibika ua likiwa bado limefumba, wiki moja au zaidi kabla halijafunguka, ndo maana hata ubaridi ukirudi siku mbili tatu maua bado yanadondoka na mtu anachanganyikiwa. Joto lilipokuja kushuka mimea imechoka, utitiri umeshajaa, akang'oa shamba zima. Iliniuma sana, kwa sababu lilikuwa suala la kupanga tarehe.

Kwa hiyo hesabu maua yatatoka lini. Nyanya nyingi zinaanza kuchanua mwezi mmoja hivi baada ya kuhamisha miche, sogeza mbele au nyuma ili maua yasikutane na zile wiki za moto. Tafuta kipimajoto kinachoshika kiwango cha juu na cha chini, kitundike kivulini shambani, kila asubuhi soma usiku ulishuka mpaka ngapi. Kama haushuki, chukua mbegu inayovumilia joto, na dawa ya kuzuia maua kudondoka usinunue kabla hujajua chanzo. Hoho nazo zina tabia hiyohiyo.

Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 50 ya jua inasaidia kitaluni na kwa mboga za majani, na matunda hayaungui jua, ila joto la usiku haiondoi, usidanganywe.

Matandazo weka mapema, nyasi kavu zinatosha, plastiki nyeusi iache kipindi hiki inachemsha udongo. Maji mwagilia alfajiri na kwa kiasi kisichoyumba, maana ukikausha halafu ukafurika kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda na nyanya zinaoza kitako, watu wanadhani ni ugonjwa wanapiga dawa tena.

Utitiri wekundu na inzi weupe wanazaliana haraka sana kwenye joto kavu, geuza majani uangalie chini yake kila baada ya siku mbili tatu. Dawa usipige jua likiwa kali, inaunguza majani. Nyanya zikianza tu kubadilika rangi zichume uziivishie kivulini, juu ya nyuzi 30 wekundu hauji vizuri. Usipande zote kwa mkupuo mmoja, gawanya kwa wiki kadhaa. Na wewe mwenyewe saa sita mpaka saa tisa mchana usishinde shambani, kunywa maji, ukisikia kizunguzungu acha jembe hapohapo ukakae kivulini.