Jinsi ya kutunza programu huria bila kuwaacha wenye kompyuta za zamani

Programu huria ya kuhesabu bidhaa ninayoitunza hapa Nakuru hutumiwa na agroveti kadhaa za Njoro na Molo, ambako kompyuta nyingi ni za mitumba zenye Windows 7, mfumo ambao Microsoft iliacha kuurekebisha tarehe 14 Januari 2020. Siku niliyoijenga kwa toleo la 3.9 la Python, lugha ya kuandikia programu, mwenye duka mmoja alinitumia picha ya skrini yenye ujumbe kwamba api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll haipo. Nilimaliza jioni nzima nikiitafuta faili hiyo, ilhali kosa lilikuwa langu: Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali Windows 7.

Anza, basi, kwa kuwauliza watumiaji wana mashine gani, kisha tangaza kiwango cha chini katika README, faili ya maelezo ya mradi. Ikiwa programu husakinishwa kwa pip, chombo cha kusakinishia programu za Python, ongeza requires-python = ">=3.8" katika pyproject.toml, faili ya mipangilio ya mradi, kwa kuwa pip huusoma mstari huo na kumpa mwenye Python ya zamani toleo la awali linalomfaa.

Tangazo pekee halitoshi. Kila badiliko lijaribiwe kwenye mfumo wa zamani, hata ukiwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine. La sivyo mchangiaji atatumia removeprefix, amri ya kukata mwanzo wa neno iliyokuja na Python 3.9, majaribio yatapita kwake, na hitilafu itajitokeza kaunta ikiwa imejaa wateja. Vipande vya msimbo vya kuziba tofauti hizo za matoleo vikusanye katika faili moja, ili siku ya kuviondoa usivitafute kila pembe. Kwa Linux, jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko yote unayoikubali, maana programu iliyojengwa kwa glibc (maktaba ya msingi ambayo programu nyingi za Linux huitegemea) mpya mara nyingi hukataa kufunguka penye glibc ya zamani.

Data ndiyo inayoniogopesha zaidi, kwa sababu programu iliyogoma husakinishwa upya, lakini hesabu za msimu mzima wa mbolea zikiharibika hazirudi. Mwenye maduka mawili hubeba hifadhidata ya SQLite kwa flashi, na kompyuta mpya ikiubadilisha muundo wake, ile ya zamani itakwama au, vibaya zaidi, itaandika upuuzi. Hifadhi namba ya muundo ndani ya hifadhidata yenyewe kwa amri ya SQLite iitwayo PRAGMA user_version. Toleo jipya litengeneze nakala kabla ya kubadilisha chochote, na kila toleo likikuta namba kubwa kuliko linayoijua likatae kuandika na liseme sababu kwa Kiswahili cha kueleweka. Ongeza safu wima mpya yenye thamani ya msingi badala ya kubadilisha jina la iliyopo.

Ukiamua kuacha mfumo fulani, toa taarifa miezi kadhaa mapema na ubakize tawi, yaani nakala ya kando ya msimbo, la kurekebisha makosa mazito tu. Kisakinishi cha mwisho cha Windows 7 bado nimekiweka wazi pamoja na alama yake ya SHA-256 ya kuhakikisha faili haijabadilishwa, kwa kuwa wengi hukipakua saiba mjini na kukipeleka dukani kwa flashi, kwenye kompyuta ambayo nimewasihi wasiiunganishe na intaneti.