Ugonjwa wa Mwinuko: Kuutambua, Kuuzuia na Kujua Wakati wa Kushuka

Ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kikaanza kuuma, chukulia kwamba ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike ni kitu kingine. Wengi husingizia jua, usingizi mchache au chakula cha jana, kisha wanaendelea kupanda. Hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kuwa kubwa.

Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawa kabisa na ya pwani. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kwenye mita 5,500 mgandamizo huo ni takriban nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni uliyozoea. Mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi, na figo husaidia kurekebisha kemia ya damu, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ugonjwa huja pale miguu inapoyatangulia mapafu. Ndiyo maana mazoezi hayakukingi: mwenye nguvu anaweza kuumwa mapema kuliko wenzake, kwa sababu tu ana uwezo wa kupanda mbio.

Dalili za mwanzo

Kwa kawaida huanza saa 6 hadi 12 baada ya kufika kwenye kimo kipya, mara nyingi usiku wa kwanza. Kichwa huuma, na pamoja nacho huja moja au zaidi kati ya hizi: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Kusitasita kwa pumzi usingizini, kisha kuvuta pumzi kubwa ghafla, hutisha lakini peke yake si ugonjwa.

Kukosa maji nako huleta maumivu ya kichwa. Kunywa maji taratibu, meza parasetamoli au ibuprofeni, pumzika. Kichwa kikitulia na huna dalili nyingine, pengine ilikuwa kiu. Kisipotulia, usilale juu zaidi ya hapo ulipo.

Dalili zinazoua

Ubongo ukianza kuvimba, mtu hubadilika tabia: anakuwa mkali bila sababu, anachanganya maneno, anashindwa kufunga kamba za viatu, anataka kulala tu. Mpime hivi. Chora mstari wa mita tatu kwenye sehemu tambarare, mwambie atembee juu yake akiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, arudi hivyo hivyo. Jaribu wewe kwanza ili uone kama ardhi yenyewe ni ya haki. Akipepesuka au akatoka nje ya mstari wakati wenzake wanaweza, ashuke, hata kama anaapa kwamba yuko salama. Usimwamini anavyojisemea, kwani ubongo unaojitathmini ndio huo unaoumwa.

Mapafu yakijaa maji, dalili ya mapema ni kupungua ghafla kwa uwezo wa kutembea: aliyekuwa mbele jana leo yuko nyuma ya wote. Kisha anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu. Makohozi yenye povu la waridi huja mwishoni, usiyasubiri. Hali hii hupenda kujitokeza usiku wa pili na inaweza kuja bila kichwa kuuma kabisa. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinasaidia, ila kidole baridi hutoa namba za uongo. Pasha mkono joto kwanza, na linganisha namba na za wenzake walio kimo hicho hicho.

Kupanga safari

Namba ya kuangalia ni kimo cha mahali unapolala. Mchana unaweza kupanda juu na kurudi, na hilo husaidia. Ukishavuka mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne lala usiku wa pili mahali pale pale. Sasa chukua njia ya Marangu ya Kilimanjaro: vibanda viko takriban mita 2,700, 3,700 na 4,700. Kila hatua ni mita 1,000, mara mbili ya kipimo. Anayepitia huko aongeze angalau usiku mmoja Horombo, kibanda cha mita 3,700. Siku hiyo ina faida kuliko kifaa chochote mkobani. Anayetua kwa ndege mahali kama La Paz au Lhasa, kwenye mita 3,600 hivi, asifanye kazi nzito siku mbili za mwanzo.

Pombe na vidonge vya usingizi viache siku za mwanzo, maana hupunguza kasi ya kupumua usiku. Maji kunywa ya kutosha, si kwa kujilazimisha, kwani kupita kiasi hushusha chumvi mwilini. Mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au wa mapafu, na mjamzito, waonane na daktari kabla ya kukata tiketi.

Asetazolamidi (Diamox) huharakisha mwili kuzoea. Kinga ya mtu mzima ni miligramu 125 kila baada ya saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole hufa ganzi, mkojo huwa mwingi, soda hupoteza ladha. Hayo ni ya kawaida. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari kwanza. Dawa hii haikupi ruhusa ya kupanda mbio.

Mtu akiugua

Dalili nyepesi: baki hapo hapo, pumzika, tibu kichwa. Zikizidi, au zisipopungua ndani ya siku moja, shuka.

Dalili za ubongo au mapafu: shuka sasa, hata kama ni usiku, mradi njia inapitika, kati ya mita 300 na 1,000 au hadi apate nafuu. Asishuke peke yake. Mwenye mapafu yaliyojaa asibebe mzigo, na ikiwezekana abebwe mwenyewe, kwani juhudi humzidishia. Oksijeni mpe ikiwepo. Deksamethasoni kwa ubongo (miligramu 8, kisha 4 kila saa 6) na nifedipini kwa mapafu hununua muda, hazichukui nafasi ya kushuka. Deksamethasoni hasa huficha dalili: mtu huamka na nafuu, akataka kuendelea, na dawa ikiisha anaanguka akiwa juu zaidi.

Aliyepona dalili nyepesi kabisa anaweza kupanda tena, polepole. Aliyevimba ubongo au kujaa maji mapafuni, safari hiyo kwake imekwisha.