Kuigiza Antigone na wanafunzi: usiikate kwaya

Walimu wengi wakishika tamthilia ya Kigiriki kitu cha kwanza kukata ni kwaya, lile kundi linaloimba na kuzungumzia yanayotokea, eti inachosha, mi nasema kata vingine vyote kwanza. Una wanafunzi 20 na wahusika wenye mistari ya maana hawafiki kumi. Wagiriki wenyewe enzi za Sophocles, aliyeandika Antigone, walikuwa na waigizaji 3 tu wanaobadilishana vinyago, waliobaki ni kwaya, ikafika watu 15, wanaimba na kucheza.

Antigone ni ya miaka ya 440 KK hivi na hadithi inaeleweka fasta: kaka wawili wameuana, mfalme Creon anapiga marufuku mmoja wao kuzikwa, dada mtu, Antigone, anamzika. Ina mistari zaidi ya 1,300, ipunguzeni ibaki kama dakika 50. Toa majina ya miungu na ya koo, ila mlinzi anayeleta habari ya mazishi usimguse, jamaa anaanza kwa kujitetea kwamba njiani kila saa alikuwa anasimama anataka kurudi, watu watacheka, na wacheke sasa maana mbele huko hakuchekeki.

Kwaya kwa Sophocles ni wazee wa mji wa Thebes, kwenu wanaweza kuwa majirani au wafanyakazi wa ikulu, muhimu wawe wanamuogopa Creon. Wakisema wote pamoja muda wote hakisikiki kitu, kwa hiyo gawa mistari kwa sauti moja moja na maneno machache tu yawe ya wote, na hapo wavute pumzi pamoja ndo watamke, hakuna kuhesabu moja mbili tatu.

Anza mazoezi na Haemon, mtoto wa Creon, akimkabili baba yake. Creon kakaa, kwaya yote iko nyuma yake. Haemon anaongea kwa adabu, anamwambia baba huko mjini watu wanamlilia yule binti chinichini, na kila akigusa ukweli mtu mmoja wa kwaya anahama taratibu kwenda upande wake, bila kumtazama mfalme. Kwaya huwa inasema wote wawili wameongea vizuri (woga mtupu!), mstari huo utoke wakiwa nusu huku nusu kule, Creon ageuke aone nyuma yake kumepungua.

Kuvaa jinzi na kushika simu hakuifanyi iwe ya kisasa. Tamthilia The Island ya 1973, ya Fugard, Kani na Ntshona, ni wafungwa wawili wa Robben Island, gereza la kisiwani Afrika Kusini, wanaoandaa Antigone gerezani, na inauma kwa sababu pale amri ni amri kweli. Kwahiyo jiulizeni kwenu nani ana ubavu wa kuzuia maiti isizikwe.

Vifo vinatokea nje ya jukwaa, mjumbe ndo anakuja kusimulia, asimame tuli asiigize anachosema. Damu ya rangi wataiomba tu, wanyime.

Halafu Sophocles hakudai hela lakini tafsiri nyingi za siku hizi zina hakimiliki, omba ruhusa kabla hujatoa kopi, au someni tafsiri mbili tatu mwandike skripti yenu wenyewe.