Kupima Ugumu na Uchakavu wa Tabaka Jembamba la Aloi

Tabaka la aloi lililotengenezwa ndani ya ombwe, ambamo ioni za agoni hugonga bamba la metali na kurusha atomi zake juu ya sampuli, mara nyingi huwa na unene wa mikromita chache tu, hivyo mashine ya kawaida ya kupimia ugumu wa vyuma hupenya hadi kwenye msingi ulio chini yake.

Tumia kifaa chenye ncha ya almasi ya pande tatu, kinachorekodi nguvu na kina kwa pamoja, na ukisawazishe kwanza kwa kioo cha silika, ambacho ugumu wake ni takriban gigapaskali 9. Kina kisizidi asilimia 10 ya unene: tabaka la mikromita 1 lisipenywe zaidi ya nanomita 100. Hata hivyo, ukibonyeza kijuujuu mno utakuwa unapima mikwaruzo ya uso badala ya aloi, kosa ambalo kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, kwa sababu namba zake huonekana za kuaminika.

Kwa uchakavu, zungusha sampuli chini ya kigololo kigumu, kisha gawanya ujazo uliolika kwa zao la nguvu na umbali. Milimita za ujazo 0.01 zikilika kwa nyutoni 5 katika mita 100, kiwango ni milimita za ujazo 0.00002 kwa kila nyutoni-mita. Kagua kwa hadubini mtaro ulioachwa na kigololo. Mtaro huo ukiwa na kina kikubwa kuliko unene wa tabaka, rudia kwa nguvu ndogo zaidi.